Kabla ya Kuezua Bati la Zamani

Hotuba ya afisa wa mipango ya miji kwa kamati za ujenzi za shule na makanisa, wenye majengo ya zamani na mafundi wa Kisii na Nyamira

 

Swali linaloletwa ofisini kwetu kila msimu wa mvua ni lile lile. Jengo ni la zamani, paa linavuja, watoto au waumini wananyeshewa, harambee imefanywa na pesa zipo. Je, kamati inaweza kuezua Jumatatu na kuezeka upya kufikia Ijumaa? Kwa jengo la kawaida, mkiwa na kibali, huenda ikawezekana. Kwa jengo lililo katika eneo la urithi, au linaloelekea kutangazwa kuwa urithi, haiwezekani, na ningependa mwondoke hapa mkijua sababu.

Watu wengi wakisikia neno urithi hufikiria Pwani. Ni kweli, Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na Fort Jesus mwaka 2011. Lakini jirani zetu wa Migori wana Thimlich Ohinga, iliyoingizwa mwaka 2018, na hiyo ni mawe yaliyopangwa bila chokaa wala simiti. Urithi si lazima uwe na milango ya nakshi. Hapa kwetu, mji huu ambao wazee waliuita Getembe na baadaye Bosongo, yaani kwa wazungu, ulianza kama kituo cha serikali ya kikoloni mwaka 1907. Januari 1908 Otenyo alimchoma kwa mkuki afisa aliyekisimamia kituo hicho, Northcote, ambaye alipona na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigania mji huu huu. Wamisionari nao walikuwa wamefika, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa. Majengo ya miongo ile na iliyofuata, ofisi, nyumba za maafisa, makanisa, madarasa na maduka, mengi yaliezekwa kwa bati la mawimbi juu ya kenchi za mbao. Kwa hivyo sisi, tofauti na Lamu, bati lenyewe ni sehemu ya urithi. Halikuja kuuharibu.

Sasa sheria, kwa ufupi. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kuwa mnara wa kitaifa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye jengo hupewa nafasi ya kupinga. Likishatangazwa, kulibadilisha bila idhini ni kosa. Katiba imegawa kazi: minara ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa iko chini ya serikali ya kitaifa, ilhali mipango na maendeleo ya kaunti ni kazi yetu. Ndiyo sababu jengo moja linaweza kuhitaji karatasi mbili, idhini ya Makavazi ya Kitaifa na kibali cha ujenzi cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019. Najua inachosha. Hata hivyo karatasi moja haichukui nafasi ya nyingine, na mkandarasi atakayewaambia vingine anataka kazi yenu tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uzito wa paa, kuliko hata karatasi.

Bati la geji 28 lina uzito wa takriban kilo 4 kwa kila mita ya mraba. Vigae vya zege vinafika kilo 45 hivi, na vikilowa huongezeka. Darasa la mita 8 kwa 6 lenye paa la mita 60 za mraba lilikuwa limebeba bati la kilo 240 hivi. Kamati ikipenda vigae kwa sababu vinapendeza, imeweka karibu tani 3 juu ya kenchi na kuta ambazo hazikujengwa kwa mzigo huo. Kuta nyingi za zamani zimejengwa kwa matofali au mawe yaliyoshikwa kwa udongo au chokaa. Zinastahimili mzigo unaoshuka wima, lakini kenchi zikilegea na kuanza kuzisukuma nje, hupasuka kwenye pembe. Ukiona ufa unaoanza juu karibu na paa na kupungua ukishuka, usikimbilie kuuziba kwa simiti. Panda kwanza ukaangalie mbao.

Tumeona mambo yanavyoweza kuwa Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 ndani ya Mji Mkongwe, lilikuwa katika matengenezo sehemu yake kubwa ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua mafundi wawili. Lilikuwa jengo maarufu, katika eneo la urithi wa dunia, na wataalamu wakiwa kazini. Jengo la zamani ni hatari zaidi wakati wa kulitengeneza kuliko wakati limekaa. Paa huzifunga kuta pamoja, na ukiliondoa lote kwa siku moja umeziacha kuta zisimame zenyewe, labda kwa mara ya kwanza tangu zijengwe. Ezueni kwa vipande, mkiegemeza kuta kwa nguzo, na watoto wahamishiwe kwingine kwa muda wote wa kazi. Si kwa siku ya kwanza tu, mwalimu mkuu.

Mfano wa pili ni makaburi ya Kasubi, Kampala. Paa lake kubwa la nyasi liliungua tarehe 16 Machi 2010. Mengi ya makadirio ya fedha yaliwezekana kuandikwa haraka, lakini ujuzi wa kuezeka paa lile umo mikononi mwa mafundi wa ukoo wa Ngeye, na duka la vifaa haliuzi ujuzi. Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini Septemba 2023, miaka 13 baadaye. Nawaambia haya mafundi vijana walioketi nyuma: mzee anayejua kuunga mbao kwa ulimi na tundu, bila misumari, bado yuko Suneka, Nyamira, Keroka. Mwendeeni akiwa bado anaweza kupanda ngazi.

Kwenye kazi yenyewe, mbao ndizo zinazohitaji muda. Kamati nyingi huagiza kenchi mpya zote kabla ya mtu yeyote kugusa za zamani. Chukueni kisu, chomeni mbao pale inapokaa juu ya ukuta na pale mtaro wa maji unapofurika, kwa maana huko ndiko maji na mchwa huanzia. Kisu kikiingia kwa urahisi, kateni sehemu iliyooza tu na kuunga kipande kipya. Katikati ya kenchi mara nyingi mtakuta mbao ngumu kuliko mikaratusi michanga mnayouziwa leo ikiwa bado mbichi, itakayopinda kabla bati halijashika vumbi. Pigeni picha, pimeni, andikeni namba kwenye kila kipande kabla ya kukishusha. Mkaguzi wa Makavazi atauliza mwinuko wa paa ulikuwaje, na jibu la "ulikuwa hivyo hivyo" halitoshi.

Bati jipya liwe la mawimbi kama la awali, mwinuko ule ule, rangi iliyotulia. Mwinuko mkali wa zamani haukuwa urembo: mvua yetu hainyeshi kwa utaratibu, na upande wa Nyamira mvua ya mawe hupiga kana kwamba inalipiza kisasi. Geji 32 ni nafuu dukani, kisha inabonyea na kutoboka. Na huu mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta ili jengo lionekane la ghorofa, sioni faida yake katika nchi ya mvua kama hii hata kwa majengo mapya.

Paa likiwa la asbestosi, simameni hapo hapo. Kenya ilipiga marufuku asbestosi mwaka 2006, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baada ya mtu kulivuta. Halipigwi nyundo, halitupwi shimoni nyuma ya choo, vipande vyake havitengenezwi banda la kuku. Hulowanishwa, hushushwa likiwa zima, hufungwa kwa plastiki nene na kubebwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA hadi mahali palipoidhinishwa. Gharama hiyo ni juu ya gharama ya bati, kwa hivyo iingizeni kwenye bajeti kabla ya kutangaza harambee.

Kuna pia radi. Hakuna haja ya kumwambia mtu wa Gusii radi ni nini. Mkitengeneza paa, waya wa shaba wa kizuia radi hufunguliwa, na mara nyingi haurudi, ama umesahauliwa ama umeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Mkandarasi asilipwe fedha za mwisho kabla ya fundi wa umeme kupima kwamba waya umerudi na umefika ardhini. Mkandarasi mwenyewe awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na namba yake iandikwe kwenye mkataba.

Mkileta maombi, leteni picha za nje na za ndani ya paa, vipimo, hati ya ardhi au barua ya wadhamini, na makisio ya mhandisi kuhusu kuta. Tutatuma mtu kabla hamjanunua hata msumari. Januari ndio mwezi wetu mkavu, masika huanza Machi, na idhini ya Nairobi haitolewi kwa wiki moja. Anayetaka kuezeka Januari alete faili yake sasa, mapema mwezi huu wa Septemba. Paa linalovuja wakati mnasubiri lifunikwe kwa turubai, na turubai halihitaji kibali cha mtu yeyote.