Nyimbo Zenye Kazi na Nyimbo za Msimu
Mhadhara wa umma, Kibaha



Nimepewa swali fupi: je, muziki wa leo na mastaa wake watadumu? Mzee akiliuliza, anakuwa ameshalijibu, na jibu lake ni hapana. Kijana akiliuliza, jibu lake ni ndiyo, na ushahidi anao kwenye simu: namba za YouTube. Leo nitawaudhi wote wawili, nikianza na wazee, kwa sababu wao wana subira zaidi.

Wazee wangu husema muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe. Hutaja Kilwa Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 na kubadilishwa jina mara kadhaa hadi kuwa Msondo Ngoma. Humalizia na Mlimani Park, Wana Sikinde, wa mwaka 1978. Bendi hizi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Jengo lake liko Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Pugu Road, na mtu wa Kisarawe akipanda daladala kwenda Kariakoo hulipita. Mle ndani zimewekwa kanda za miaka na miaka. Sasa niwaulize: katika kanda zile, ni nyimbo ngapi mnazozikumbuka? Zipo za kuhimiza kilimo, za kusifu vijiji vya ujamaa, za kukaribisha wageni wa serikali. Zilikuwa na ujumbe tele, na zimesahaulika. Tunaukumbuka wimbo wa Mbaraka uitwao “Shida”, halafu tunasahau rundo lililokaa nao rafu moja. Tunalinganisha kumi bora za miaka thelathini na nyimbo mia za wiki iliyopita, kisha tunashangaa kwamba za wiki iliyopita zimepwaya.

Kuna jambo jingine ambalo wazee hulipitia haraka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu. Radio One ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na hapo ndipo ukiritimba ulipovunjika. Kabla ya hapo, mtoto wa Maneromango na mtoto wa Bukoba walisikia wimbo uleule jioni ileile, wapende wasipende, wiki baada ya wiki. Wimbo ukirudiwa namna hiyo huingia hata kwa asiyeutaka. Simnyang'anyi Mbaraka kipaji chake. Alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979, na mpaka leo wapiga gitaa wanajifunza vidole vyake. Ila redio ile moja ilimbeba, na hakuna msanii wa leo atakayebebwa vile tena.

Na tusijifanye kwamba muziki wa vijana wa zamani uliheshimiwa ulipokuwa mpya. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na vijana walioupenda waliitwa wahuni. Leo ndio wazee wetu wenye busara.

Nije kwa vijana. Mwaka 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja kwenye chaneli yake ya YouTube. Ni jambo kubwa, na anayelibeza ana wivu. Lakini namba ile inapima upana. Inatuambia nyimbo zimefunguliwa mara ngapi. Haisemi nani atauimba wimbo bila simu, bila bando, miaka arobaini ijayo, akiwa anapepeta mchele.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakukuwa na jina kubwa Afrika Mashariki kama Mr. Nice. Watoto wa shule waliimba “Fagilia” kuanzia hapa hadi Kampala. Mojawapo ya nyimbo zake, “Kidali Po”, ilitokana na mchezo wa watoto. Nyota yake haikukaa juu muda mrefu, lakini kidali po bado kinachezwa. Mchezo ulimkopesha msanii jina, kisha ukaendelea na safari zake.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Wimbo hudumu pale watu wasiolipwa chochote wanapoupa kazi ya kufanya. Ukiwa na kazi, haumhitaji staa wala redio. Usipokuwa nayo, hata bilioni haziusaidii; utakuwa wa msimu, kama embe.

Twendeni Kisarawe. Mwali anapotolewa nje, wanawake huimba nyimbo ambazo hakuna anayemjua mtunzi wake. Nimekaa pembeni ya shughuli kama hizo, nikiwa mgeni mwanamume anayetakiwa asisogee sana. Somo yuko mbele, bibi mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, noti zinabandikwa kwenye paji la uso la mpiga ngoma. Bibi akisahau ubeti, mwanamke mwingine anaudaka hewani. Hakuna karatasi. Wimbo upo kwa sababu kuna maneno ambayo mama hawezi kumwambia binti yake uso kwa uso, na wimbo unaweza. Mdundiko nao una kazi yake: kuwatoa watu majumbani na kuwasindikiza barabarani hadi kwenye harusi. Ukipita, mtu anaacha sufuria jikoni na kuufuata, akijua kabisa maharage yataungua. Ngoma hizo hazikupigiwa kampeni na mtu. Zimeziona bendi za dansi zikija na kupungua, zimeiona kaseti ikizaliwa na kufa.

Siti binti Saad anatupa ushahidi mwingine. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na baada ya kifo chake mwaka 1950 sauti yake ilibaki kwenye santuri ambazo watu wachache walikuwa na kinanda cha kuzipigia. Aliyezifikisha nyimbo zake kwetu zikiwa hai ni Bi Kidude, aliyeziimba hadi uzeeni na kufariki Aprili 2013. Na Bi Kidude alikuwa nani mtaani kwake kabla Ulaya haijamjua? Alikuwa kungwi, mwanamke wa unyago. Wimbo ulipita kwenye mikono ya mtu aliyezoea kazi ya kutunza nyimbo.

Sasa tuipime Bongo Fleva kwa kipimo hicho. Zipo nyimbo zake zilizokwisha kuajiriwa. “Nani Kama Mama” ya Christian Bella na Ommy Dimpoz imepata ajira ya kudumu: mama wa bibi harusi anapoitwa mbele ya ukumbi, MC hana wimbo mwingine wa kukimbilia. Hata nje ya Bongo Fleva, nyimbo za msiba alizoimba Kapteni John Komba kwa ajili ya Mwalimu Nyerere mwaka 1999 zinarudi kila Oktoba 14, ingawa Komba mwenyewe alifariki mwaka 2015. Ukiwauliza wanamuziki stadi, huenda wasiziweke hizi juu kabisa kwa ufundi. Haidhuru. Zina zamu yao, na zamu ikifika zinaitwa.

Kuna pia wimbo unaopata kazi ya pili. Saida Karoli alitoka Kagera na “Maria Salome” mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima ikaimba Kihaya isichokielewa. Kisha kimya. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakauchukua na kutoa “Salome”, na jina la Saida likarudi redioni. Watu wengi waliona huo ni upungufu wa ubunifu. Mimi naona ni afya. Wimbo unaoweza kufumuliwa na kushonwa upya una kitambaa kizuri.

Kwa kipimo hiki, kinachonitia wasiwasi ni ile Bongo Fleva iliyong'arishwa sana, yenye biti ya Lagos mwaka huu na ya Johannesburg mwaka ujao, yenye kolabo ya gharama na video ya kifahari. Ni nzuri kusikiliza. Lakini imetengenezwa ili isiwe ya mahali popote, na matokeo yake hakuna mahali panapoihitaji.

Singeli ni habari nyingine. Najua baadhi yenu mtaguna, kwa sababu mnaijua kwa vigodoro na kelele za usiku. Singeli imetokana na mchiriku, muziki wa uswahilini Dar es Salaam uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyochakaa na vipaza sauti vya bei nafuu, na mchiriku wenyewe una damu ya ngoma za Uzaramo. Msikilize Msaga Sumu au Dulla Makabila: kasi ile, kuitana na kuitikiana kule, kumtaja mwenye shughuli kwa jina, kumsema jirani bila kumtaja. Hayo ni ya ngoma. Kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa “Sounds of Sisso” mwaka 2017, na wazungu wakaanza kuiita muziki wa kesho. Huku Kisarawe mwali akishatolewa kwa nyimbo za bibi, jioni spika inafunguliwa na singeli inaendeleza shughuli ileile. Ndiyo maana nawaambia, na mnaweza kuniandika: baada ya miaka hamsini singeli itakuwapo, kwa jina hilo au jingine, wakati nyimbo nyingi zinazoshinda tuzo leo zitakuwa zimeshasahaulika.

Kazi peke yake haitoshi, lazima nikiri. Pawepo na wa kutunza. Enzi za kaseti, wanafunzi wa bweni hapa Kibaha na kule Minaki walikuwa na daftari la nyimbo. Ni counter book lenye jalada gumu. Mtu anasikiliza mstari mmoja, anabonyeza kaseti isimame, anaandika, anarudisha nyuma kwa kalamu kwa sababu betri ni za kubana. Ubeti wa Professor Jay ulijaza kurasa mbili. Pembeni kulichorwa moyo, au jina la msichana lililofutwa. Aliyeandika namna ile hasahau. Nina hakika wapo ndani ya ukumbi huu watu wazima wenye vyeo wanaoweza kughani “Ndio Mzee” mwanzo hadi mwisho.

Leo kazi hiyo ameishika fundi simu wa Maili Moja. Kibanda chake kina kompyuta moja, na dereva wa bajaji humletea memori kadi au flashi ajaziwe nyimbo. Ukichungulia kioo utaona mafolda: Singeli, Taarabu, Kaswida, Gospo, Zilipendwa, Amapiano. Wengi huchukua singeli na zilipendwa kwa pamoja, jambo ambalo wabishi wetu wa redioni hawalijui. Ile ndiyo maktaba ya muziki ya wilaya, wala haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Kompyuta ikifa, imekufa na mafolda yake. Tulishaonja hilo: nyimbo nyingi za miaka ya 2010 zilisambazwa na mabloga kwa viungo vya Hulkshare, na viungo vile leo havifunguki. Kanda ya RTD ya mwaka 1972 ina nafasi kubwa ya kusikika kesho kuliko wimbo uliotrendi mwaka 2012.

Kuhusu mastaa wenyewe nitasema kidogo, maana ustaa una maisha mafupi kuliko wimbo. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na umati uliojitokeza kumzika haukuwa wa kawaida kwa msanii. Filamu zake zilienea kwa diski, na deki za kuzichezea zimekuwa midoli ya watoto. Waliozaliwa mwaka ule sasa wako sekondari. Wengi wanalijua jina kuliko filamu.

Jirani zetu wa Kisarawe wana mfano wa upande wa pili. Jokate Mwegelo alijulikana kwa Miss Tanzania ya mwaka 2006, kwa filamu, kwa muziki na kwa chapa yake ya Kidoti. Julai 2018 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe, na wapo waliocheka. Akaanzisha kampeni ya Tokomeza Zero katika mitihani, akatumia jina lake kuchangisha, na leo Kisarawe kuna shule ya sekondari ya wasichana inayoitwa kwa jina lake. Siingii kwenye siasa zake. Natazama jina tu: lilikuwa kwenye magazeti ya udaku, sasa liko kwenye cheti cha sekondari. Huko lina kazi, na msichana atakayelijaza kwenye fomu ya chuo mwaka 2050 huenda asijue kabisa kwamba mwenye jina aliwahi kuwa mrembo wa jukwaani.

Najua mnasubiri nimrudie mtu mmoja, na mmoja wenu ameshanyoosha mkono kabla sijamaliza. Diamond atadumu? Jina, ndiyo. Aliendesha muziki kama kampuni, akaanzisha lebo, kisha televisheni na redio, na waliomfuata wote wanafanya biashara hii kwa namna aliyowaonyesha. Historia ya muziki wetu haitaandikwa bila yeye. Nyimbo ni suala jingine. Zile za kolabo na majina makubwa ya nje naziona zikibaki kwenye orodha za wakusanyaji. Ninaouwekea dau ni “Mbagala”, wa kijana asiye na kitu aliyempenda mtu wa juu yake, kwa sababu kijana huyo anazaliwa kila mwaka, Mbagala, Gongo la Mboto na hapa Maili Moja, na siku akiachwa atautafuta. Karibuni maswali, tukianza na huyo aliyechoka kunyoosha mkono.