Mguu Mmoja, Mishahara Miwili: Fidia ya Mtu Mwenye Kazi Zaidi ya Moja



Mlinzi anatoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, anavua sare, na saa mbili yuko kiwandani anapakia mifuko. Mchana mzigo unamwangukia, mguu unavunjika. Daktari anampa ED, yaani ruhusa ya kutokwenda kazini, ya miezi mitatu. Je, fidia yake ipigwe kwa mshahara upi? Ajali ni ya kiwandani, lakini na lindo haendi.

Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Uingereza ya mwaka 1897 ilitazama malipo ya mwajiri yule yule ambaye mtu aliumia kwake. Ya mwaka 1906 ikaongeza kifungu: mwenye mikataba ya ajira kwa waajiri wawili kwa wakati mmoja, mapato yake yote yahesabiwe kana kwamba yalitoka kwa mwajiri aliyekuwa akimfanyia kazi ajali ilipotokea. Mfanyakazi akapata haki yake. Mwajiri akatwishwa ujira ambao hakuwahi kuulipa, na pengine hata kuusikia.

Ubishi kuhusu ujira huo ulidumu. Texas, kule Marekani, iliruhusu kujumlisha mishahara kwa walioumia kuanzia tarehe 1 Julai 2002 tu. Kampuni ya bima inalipa, kisha ile ziada inarudishiwa na mfuko maalumu wa jimbo. California inajumlisha pia, ila kwa sharti moja linalonikera: saa za kazi nyingine hazihesabiwi kwa kiwango kinachozidi malipo ya saa ya kazi uliyoumilia. Tuchukue mtu wa kubuni. Kila wiki anapika mgahawani saa 20 kwa dola 20 kwa saa, na anafanya ukalimani saa 20 kwa dola 35. Kipato chake ni dola 1,100. Akiteleza kwenye ukalimani, inahesabiwa 1,100 yote, na theluthi mbili yake ni kama dola 733. Akiteleza jikoni, ukalimani unashushwa hadi bei ya jikoni. Jumla inakuwa 800, naye anapata kama dola 533. Mgongo ni ule ule, kodi ya nyumba ni ile ile, tofauti ni sakafu aliyoangukia. Wenye bima watasema kila kazi ina hatari zake na bei yake. Ni kweli, lakini mwenye nyumba hakubali hoja hiyo.

Turudi nyumbani. Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko, huu tunaouita WCF. Mfanyakazi hakatwi kitu. Mwajiri ndiye anayechanga, sasa asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Aliyeumia na kushindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Hapa ndipo ninapoona tuna nafasi nzuri kuliko wengi. Kampuni ya ulinzi inachangia mshahara wa lindo, kiwanda kinachangia mshahara wa mchana, na zote zinaingia kapu moja. Kile kilio cha mwajiri wa 1906 hakipo. Kujumlisha mishahara hapa si kumwonea mtu. Michango yake imeshapokelewa.

Tatizo ni kwamba kazi ya pili hufichwa. Mlinzi anaogopa bosi wa lindo akijua ana kibarua cha mchana atasema ndiyo maana unasinzia, na mkataba uishie hapo. Kwa hiyo kwenye madai anaandika kazi moja. Taarifa ya kazi ya pili ingetolewa kwa Mfuko moja kwa moja, bila kupitia mezani kwa mwajiri.

Halafu yuko dereva wa bodaboda wa jioni, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila siku. Hana mkataba, hana hati ya mshahara. Akivunjika kiwandani anakoshinda mchana, ile hela ya jioni haimo popote. Napendekeza wa aina hii aruhusiwe kujichangia mwenyewe, kwa kipato atakachokitaja. Akitaja kidogo ili achange kidogo, basi siku ya ajali alipwe kwa hicho hicho alichokitaja.