Spindeli Ina Kinga: Mazungumzo juu ya Milango ya Kabati

Maneno ya mazungumzo kwa mafundi wa useremala



Watu husema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ni la hekima, na mtu aliyepigwa na radi njiani aweza kulisema pasipo aibu. Lakini katika karakana ya seremala iko mashine moja ambayo ajali yake ina kinga, na kinga hiyo ni kitu cha kushikika; ina bolti na nati zake, na mara nyingi hukutwa imetungikwa ukutani ikikusanya vumbi. Mashine yenyewe ni spindeli. Mazungumzo haya yaeleza jinsi inavyotumika kutengeneza milango ya kabati, na kwa nini fundi aiwekaye tayari kwa uangalifu hupata mambo mawili kwa taabu moja: mlango unaodumu, na mikono yenye vidole vyake vyote.

UMBO LA MASHINE

Spindeli ni meza ya chuma yenye tundu katikati. Katika tundu hilo husimama chuma cha mviringo, wima, mfano wa mlingoti mfupi. Katika mashine nyingi za Ulaya unene wake ni milimeta 30. Kichwa cha visu huvikwa juu ya chuma hicho na kukazwa kwa nati, kisha mota iliyo chini ya meza hukizungusha, aghalabu kati ya mara 3,000 na mara 10,000 kwa dakika. Nyuma ya visu viko viegemezo viwili vilivyonyoka, kimoja kuume na kimoja kushoto, na ubao huegemezwa hapo unapopitishwa. Randa hunyosha ubao tu. Spindeli huchonga umbo lo lote ambalo visu vyake vimetiwa: mfuo, ulimi, au nakshi ya ukingo.

KWA NINI MLANGO HUWA WA VIPANDE VITANO

Kabla ya kusema habari za visu, yafaa kusema habari za mti wenyewe, kwani mlango mzuri hautokani na mashine bali na kuzijua tabia za mti. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Ukinywa hupanuka, ukitoa husinyaa. Na mwendo huo ni mkubwa kwa upana wa ubao, bali kwa urefu wake ni haba sana hata hauhesabiwi. Kabati lililotengenezwa Mombasa, penye hewa ya bahari, likisafirishwa hadi Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi, litasinyaa hata kama limepakwa rangi vizuri. Mlango uliofanywa kwa ubao mpana mmoja, ukapigiliwa misumari pande zote ili usisogee, mwisho wake ni kupasuka au kupinda.

Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walivumbua mlango wa vipande vitano: viwili vya kusimama, viwili vya kulala, na ubao wa kati unaokaa ndani ya mfuo wa vile vinne. Ubao huo wa kati hautiwi gundi kamwe. Hukaa katika mfuo kama droo katika meza, ukipanuka na kusinyaa bila kuusukuma mlango wala kuuvuta.

Fundi aliyepewa kazi ya milango sita ya kabati la jikoni na awe mfano wetu. Kila mlango una kimo cha milimeta 720 na upana wa milimeta 450. Vipande vyake vya pembeni vina upana wa milimeta 60, na mfuo una kina cha milimeta 10. Kwanza fundi huchukua kalamu. Katika milimeta 450 hutoa 120 za vipande viwili vya kusimama, zikabaki 330. Kisha huongeza 20 kwa ajili ya ndimi mbili zitakazoingia katika mifuo. Kipande cha kulala basi kitakuwa na urefu wa milimeta 350. Nafasi ya ubao wa kati ni milimeta 350 kwa 620, lakini fundi huukata 346 kwa 618. Zile milimeta nne za upana ni nafasi ya mti kupanuka wakati wa mvua. Asiyeiacha nafasi hiyo ataona viungo vya mlango wake vikifumuka, naye atailaumu gundi bure.

VISU VIWILI VINAVYOPATANA

Kwa kazi hii hutumika vichwa viwili vya visu vilivyotengenezwa kuwa jozi. Cha kwanza huchonga nakshi na mfuo katika ukingo wa ndani wa vipande vyote vinne. Cha pili huchonga vichwa vya vipande vya kulala, kikiacha ulimi mfupi wa kuingia katika mfuo, na pia umbo lililo kinyume cha nakshi, hata vipande viwili vikikutanishwa huwa kama mkono ulioingia katika glovu yake.

Vichwa vya vipande vya kulala huchongwa kwanza. Sababu yake ni hii: kisu kinapotoka upande wa pili wa kichwa cha ubao, huelekea kuzimegua nyuzi za ukingoni. Kingo zikichongwa nakshi baadaye, sehemu hiyo iliyomeguka huondoka pamoja na taka. Fundi mwangalifu huweka pia kipande cha mti usio na kazi nyuma ya ubao, ili nyuzi zipate pa kuegemea.

Kipande cha kulala ni chembamba, na kukisukuma kwa mikono mitupu huku kichwa chake kikielekea visu ni kujitafutia msiba. Sharti kifungwe kwa klampu juu ya kigari kitelezacho juu ya meza. Tena uso ule ule wa mbao zote, ama wa mbele ama wa nyuma, uelekee meza katika kazi zote mbili. Hivyo vipande vitakutana sawasawa hata kama unene wao watofautiana kidogo. Na kabla ya kugusa vipande vyenyewe 24 vya milango ile sita, fundi hujaribu kwanza katika masalio ya mti wa unene ule ule. Huviunganisha vile vya majaribio, hupitisha kidole juu ya kiungo, na kidole kikikwama hushusha au hupandisha visu kidogo, mpaka kisikwame tena.

Ubao wa kati huja mwisho. Kingo zake hupunguzwa kwa mteremko mpaka ziingie katika mfuo. Hapa pia liko taratibu: pande mbili zinazokata nyuzi huchongwa kwanza, ndipo pande mbili zinazofuata nyuzi, ili pembe zilizomeguka zisafishwe. Afadhali kisu kiwe chini ya ubao, uso wa mbele ukitazama meza. Ubao wenyewe hukifunika kisu. Na kama utainuka kwa bahati mbaya, kisu kitakata kidogo kuliko ilivyotakiwa, na fundi aweza kuupitisha tena. Kisu kikiwa juu, ubao uinukao hujisukuma ndani ya visu na kuharibika. Tena mteremko wote usiondolewe kwa mara moja. Mara mbili au tatu ndiyo kadiri ya haki.

MBIO ZA VISU

Fundi wa mfano wetu sasa amefika mahali pa hatari, kwani kichwa cha kuchonga ubao wa kati ni kipana kuliko vile vya kwanza. Huenda kikawa na kipenyo cha milimeta 180. Mwendo ufaao kwa kazi ya kusukumwa kwa mkono ni kati ya mita 40 na mita 70 kwa nukta moja, ukipimwa ncha ya kisu. Kichwa cha milimeta 180 kikizungushwa mara 4,500 kwa dakika, ncha yake huenda mita 42 kwa nukta, na hayo ni mema. Lakini fundi akisahau kubadili ukanda wa mota, nacho kikazunguka mara 9,000, ncha hukimbia karibu mita 85 kwa nukta, yaani zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Kila kichwa kizuri kimechorwa mbio zake za mwisho. Kuzisoma hakuchukui hata dakika moja.

MKONO HUPOTEA VIPI

Wengi hudhani kwamba akatwaye na spindeli ni mpumbavu aliyeingiza mkono katika visu. Sivyo. Fundi husukuma ubao kukabili mzunguko wa visu, naye hutia nguvu. Ghafula kisu huuma fundo la mti, au huchukua mti mwingi kupita kiasi, na ubao hurushwa nyuma kufumba na kufumbua. Mkono uliokuwa ukisukuma haupati nafasi ya kusimama. Kilichokuwa kikiuzuia kimetoweka, nao waenda mbele, mahali palipokuwa na ubao, na hapo ndipo visu vilipo. Akisukuma kwa kufuata mzunguko, mambo huwa mabaya zaidi, kwani visu huunyakua ubao na kuuvuta pamoja na mkono.

Zamani visu vya bapa vilibanwa kati ya pete mbili za chuma, vikishikwa kwa mkazo wa nati tu. Mkazo ukilegea, kisu huruka kama risasi. Uingereza ilitoa kanuni za mashine za mbao mwaka 1922, ikazifanya upya mwaka 1974. Na tangu mwaka 2003, chini ya kanuni za vifaa vya kazi za mwaka 1998, mashine isukumwayo kwa mkono hutakiwa kutumia vichwa ambavyo visu vyake havitokezi sana. Katika vichwa hivyo, chuma cha mviringo kilicho mbele ya kisu hukiachia kisu kitokeze milimeta 1.1 tu kupita kizuizi chake. Kisu cha namna hiyo hakiwezi kuuma pande kubwa la mti, wala kuurusha ubao kwa nguvu ile ya zamani; na kikigusa kidole, jeraha lake ni dogo kuliko lile la kisu kirefu. Vichwa vilivyokubaliwa kwa kazi ya mkono huchorwa herufi MAN. Fundi anunuaye mashine kuukuu na atazame si mashine tu, bali na visu alivyouziwa pamoja nayo.

Katika Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye karakana azingire kila sehemu ya hatari ya mashine. Kwa spindeli maana yake ni vikandamizo viwili vya mti vyenye springi, kimoja juu na kimoja ubavuni, vinavyofanya kama mfereji ambao ubao hupita ndani yake, hali mikono imebaki nje. Ni pamoja na ubao mwembamba unaofungwa mbele ya viegemezo viwili, ukakatwa na visu vyenyewe, ili tundu lisiwe kubwa kuliko lazima. Tena kuna kijiti cha kusukumia kwa sehemu ya mwisho. Umeme ukatwe kabisa kabla ya kubadili visu, na kichwa kizungushwe kwa mkono kuona kwamba hakigusi kitu, kabla swichi haijawashwa.

Na vumbi lisisahauliwe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani ya pua. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua hata kabla ya hapo. Mashine ya kuvuta vumbi, na kitambaa kizuri cha pua, ni sehemu ya kazi kama zilivyo patasi na nyundo.

HESABU YA MWISHO

Fundi wetu atasema kwamba mwenye kabati anangoja, na kwamba kufunga vikandamizo ni kupoteza nusu saa. Lakini na apige hesabu kamili. Vikandamizo vile vile vilindavyo mkono ndivyo viushikavyo ubao usitikisike. Na ubao usiotikisika hutoka na nakshi laini, isiyo na mawimbi wala alama za moto. Kwa vipande 24 na mbao sita za kati, nusu saa ile hurudi yote wakati wa kupiga msasa, tena yarudi na faida. Asiyefunga kinga hatoki mapema. Hukaa jioni akisugua makosa yake, kama bado ana mikono ya kusugulia.

Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mota, kila mwenye spindeli na aitazame kinga iliyotungikwa ukutani, aifute vumbi, atafute spana yake, na airudishe mahali pake.

Kwaherini, na kazi njema.