Anapoondoka Mmoja Wetu Kwenda Chuoni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu wa Mkonze, kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, katika baadhi ya nyumba zetu huwa kuna begi mlangoni. Wapo wanaopata nafasi hapa hapa, katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Wengine huenda mbali zaidi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005. Safari ya Morogoro imefupika tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024. Lakini mdogo anayebaki hapimi safari kwa saa. Yeye anaona kitanda kitupu.

Sisi wazazi tunahangaika na ada, godoro, nauli na mkopo wa Bodi. Yote ni ya lazima. Lakini ni nani kati yetu aliyemwuliza hali yule anayebaki? Kaka huyo ndiye aliyekuwa akimwamsha kwa swala ya Alfajiri na kumsikiliza akisoma Qur'an. Sasa mtoto amekuwa mkimya, chakula hakimshuki, nasi tunamkemea anyamaze kwa kuwa amekwisha kuwa mkubwa. Hapo tunakosea. Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Nabii Yaaqub (A.S.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakaharibika, na bado alikuwa miongoni mwa wenye subira. Huzuni si upungufu wa imani.

Hata hivyo, tusiishie katika machozi. Tuzingatie kisa cha dada yake Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Mtoto alipotiwa mtoni, mama alimwamuru binti yake amfuatilie. Binti yule alimwangalia kwa mbali pasipo watu kutambua, na ulipofika wakati wa kusema, alisema kwa hekima, Musa akarejeshwa kwa mama yake. Basi anayebaki nyumbani naye ana kazi.

Kwanza, amfuatilie nduguye kwa mbali: amjulie hali, amwulize juu ya swala yake na marafiki zake. Pili, azibe pengo. Jukumu la kuwaamsha wenzake Alfajiri akabidhiwe yeye. Mtoto aliyepewa amana hajioni kuwa ameachwa. Tatu, ni dua. Siku ya safari familia nzima iketi pamoja, imkabidhi msafiri kwa Allah, dini yake na amana zake. Tumefundishwa kuwa dua ya mzazi na dua ya msafiri hazirudishwi.

Nawe kijana unayeondoka, usipige simu nyumbani kwa ajili ya fedha tu. Omba kuzungumza na mdogo wako, umsikilize sura aliyohifadhi wiki hiyo. Kufanya hivyo ni kuunga udugu, na kuunga udugu ni ibada.

Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi wake. Tuwalee watoto wetu wawe ndugu wa kuombeana namna hiyo, wawe chini ya paa moja au wametenganishwa na safari.

Wabillahi tawfiq.