Aliyefungwa Wima



Mwinjili Luka atusimulia habari za mwanamke aliyepindika mgongo miaka 18, asiweze kujinyosha. Huko Bujumbura alikuwako kiumbe aliyefungwa kinyume chake. Sokwe mtu aitwaye Poco aliwekwa miaka ipatayo 9 katika kizimba chembamba kilichotundikwa juu ya gereji, apate kuvuta wateja. Nafasi ya kuinama hakuwa nayo. Aliokolewa, na vita vya Burundi vilipozuka akahamishiwa Sweetwaters, Laikipia, nchini Kenya, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1993.

Huko alipata miti, nyasi na wenzake. Hata hivyo aliendelea kutembea kwa miguu miwili, mithili ya mwanadamu. Kizimba kilifunguliwa siku moja; mwili haukufunguka. Nasi tuliposikia hayo tulicheka kwanza, twakiri, kisha tukanyamaza.

Ni wangapi waliopita chini ya kizimba kile, pengine wakitoka Misa? Bwana wetu, alipolaumiwa kwa kumponya yule mwanamke siku ya Sabato, alitaja ng'ombe na punda wafunguliwao siku hiyo hiyo wakanyweshwe maji.

Leo ni Jumapili. Yule tumbili afungwaye mnyororo nyuma ya duka kijijini petu, amekwisha kunywa maji?