Wanajeshi Wetu Somalia: Hadi Lini?

Msikilizaji, Oktoba 2011 jeshi la Kenya, KDF, lilivuka mpaka kuingia Somalia kuwasaka wapiganaji wa Al-Shabaab, baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa nyara Lamu na Dadaab. Serikali ilisema inalinda nchi. Na hoja hiyo ina uzito: mwaka uliofuata magaidi hao walitimuliwa Kismayu, bandari ya Somalia iliyokuwa ikiwaingizia fedha nyingi.

Sasa tugeukie upande wa pili: Al-Shabaab walilipiza kisasi. Jumba la maduka la Westgate, Nairobi, 2013, watu 67 waliuawa. Chuo Kikuu cha Garissa, 2015, watu 148. Kisha Januari 2016 kambi ya KDF ya El Adde, huko Somalia, ikavamiwa alfajiri, na serikali haikuwatangazia wananchi hesabu kamili ya askari waliokufa. Hapo ndipo ninapokataa. Mama aliyekabidhiwa jeneza lililofunikwa bendera ana haki ya kuambiwa ukweli wote. Kujilinda nakuunga mkono. Vita visivyo na tarehe ya kurudi nyumbani, hapana.

Na jambo la mwisho: Katiba ya 2010 inataka Bunge liidhinishe kikosi kupelekwa nje. Je, ni nani anayepaswa kuamua lini kirudi?