Figo, Mishipa ya Damu na Dawa Tunazonunua
Mazungumzo na wananchi wa Baleni, Wilaya ya Mafia

 

Tumekuja kuzungumzia figo, kiungo ambacho mara nyingi huumia kimya kimya.

Kila mtu wa hapa anakijua kifumbu. Nazi iliyokunwa hutiwa humo, ikakamuliwa. Tui hupita, machicha hubaki. Kifumbu kikichanika, machicha huingia chunguni. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na ndani ya kila kichujio mna kishada cha mishipa myembamba ya damu. Kwa siku moja, maji yapatayo lita 180 huchujwa humo, na karibu yote hurudi mwilini. Takataka hutoka na mkojo. Protini hubaki katika damu.

Mishipa hiyo haijioteshi yenyewe. Mtoto akiwa tumboni, seli za kichujio hutoa kichocheo cha ukuaji ambacho wataalamu hukiita VEGF, nayo mishipa hukifuata hadi mahali pake. Takriban wiki ya 36 ya mimba vichujio huwa vimekamilika. Baada ya hapo mwili hauundi vingine. Hata hivyo, kazi ya kichocheo haiishii hapo, kwani hata kwa mtu mzima ndicho kinachoitunza mishipa ya figo. Mwaka 2003 watafiti wa Toronto, Kanada, walipokipunguza katika vichujio vya panya, figo za panya hao ziliharibika.

Mwaka huohuo, watafiti wa Boston, Marekani, walionesha kwamba kabla ya kifafa cha mimba kondo la nyuma hutoa kwa wingi protini inayokinasa kichocheo hicho. Mishipa ikikikosa, shinikizo la damu hupanda na protini huvuja katika mkojo. Mama aweza asihisi lolote. Kwa hiyo, kijiti kinachochovywa katika mkojo wake kliniki si jambo la kupoteza muda: ndicho kinachotuonesha kuwa kifumbu kimeanza kuchanika. Akiumwa sana kichwa, akiona ukungu, akisikia maumivu chini ya mbavu, au akivimba uso na mikono, asingoje kesho. Akihitaji rufaa nje ya kisiwa, kati ya Kilindoni na Nyamisati kuna bahari, na kusi likivuma hakuna chombo kinachoahidi saa.

Dawa nazo zina sehemu yake. Baadhi ya dawa za saratani, kama bevasizumabu, hukizuia kichocheo hiki kwa makusudi ili uvimbe ukose damu. Zina faida, lakini zaweza kuumiza vichujio. Ndiyo maana anayezitumia hupimwa shinikizo na mkojo.

Dawa tulizozizoea huweza kuumiza figo kwa njia nyingine. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika figoni. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba, zaweza kudhuru figo za mtoto; mama asizitumie bila ushauri wa mtaalamu. Kaptoprili, enalaprili na losartani hushusha shinikizo na huzilinda figo za wagonjwa wengi wa kisukari, lakini hudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Mama anayezitumia aende kituo cha afya mara tu ajuapo kuwa ni mjamzito, ili abadilishiwe. Asikae bila dawa.

Ndugu zetu, tunawaomba mambo matatu. Nunueni dawa katika duka lililosajiliwa. Kabla ya kulipa, mwelezeni muuzaji kama mna mimba, kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, hata asipouliza. Na dawa ikiwadhuru, toeni taarifa katika zahanati au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Taarifa ya mtu mmoja huweza kumwokoa mwingine.

Kifumbu kikichakaa, tunasuka kingine. Vichujio vya figo havisukwi upya. Tuvitunze vingali vizima.